Jumatatu ya Kunyoa Upau

1

"Wifi, leo ukifika mezani kwangu, kitufe cha Ghafi kinyoe."

Ndivyo alivyonisalimia Yustina asubuhi ile, ndani ya jiko dogo la ofisi, kabla sijamimina hata chai. Hakuna habari za nyumbani, hakuna kaka hajambo. Moja kwa moja kwenye kunyoa.

"Kama hakijabonyezwa wiki nzima kitanyolewa tu," nikamjibu. "Mbona unaniagiza kama mtoto?"

"Hakijabonyezwa. Ila nakujua wewe na kiherehere chako. Kinyoe, upite meza inayofuata. Usianze kukichokonoa."

Mimi kuambiwa nina kiherehere ni jambo ninaloweza kulivumilia kutoka kwa mama mkwe, siyo kutoka kwa wifi niliyemzidi umri. Nilitaka kumpa zake pale pale. Lakini nikamtazama usoni: midomo imemkauka, macho hayatulii, kucha za mkono mmoja amezitafuna mpaka nyama. Nikameza maneno yangu, nikaenda zangu na chai.

Mimi kazi yangu ni mpanga-pau. Ukisikia hivyo unacheka, najua, maana hata mume wangu Yoeli alicheka siku ya kwanza. Kila mchambuzi pale Kituo cha Maji cha Ilindo ana kata yake moja na kompyuta yake moja ya mezani, na ndani ya kompyuta kuna programu tunayoiita Chekeche. Juu ya skrini kuna upau wenye vitufe. Upau una jina la mwenyewe. Mimi ndiye ninayeamua vitufe gani vikae pale, kipi kianze, kipi kifuate, kipi kiwe kikubwa. Mwenye kutumia mkono wa kushoto nampangia kuanzia kulia. Mwenye macho mabovu nampa vitufe vinavyolingana na vifuniko vya soda. Watu wanadhani ni kazi ya kupanga viti ukumbini. Wacha wadhani.

Maana tangu ule Mwaka wa Kiu, mashine ilipofunga maji ya upande wote wa mashariki kwa hesabu zake yenyewe, ikidhani kule hakuishi mtu, sheria ilibadilika. Mashine sasa inahesabu tu, haiamui. Kufunga bomba la kata ni lazima kiwe kidole cha mtu aliye hai. Kitufe kinapima joto la damu kwanza ndipo kikubali. Hapo sawa, nani atapinga? Lakini waliotunga sheria wakaongeza kipengele kimoja, sijui walikuwa na usingizi: mchambuzi atawajibika kwa kila kitufe kilichopo kwenye upau wake. Kama kipo na hukukitumia, na watu wakadhurika, huo ni uzembe, na uzembe wa maji ni jela. Kama hakipo, huulizwi kitu.

Basi watu wakaanza kuogopa vitufe. Ndipo ikazaliwa desturi yetu ya Jumatatu. Kitufe chochote kilichokaa wiki nzima bila kubonyezwa kinaondolewa kwenye upau, kinapelekwa ghala la makao makuu, na wiki ile inafungwa. Hakuna atakayeuliza tena habari zake. Tunaita kunyoa. Bosi analeta vitumbua, watu wanapiga makofi kila kitufe kinapoanguka, na mwenye upau mfupi anatembea kifua mbele kama amefunga bao. Nisipomaliza kunyoa kwa mkono wangu, kengele ya saa sita ikilia Chekeche inanyoa yenyewe.

2

Kwenda ukumbini ni lazima upite mapokezi. Kwenye benchi alikaa mwanamume mmoja wa makamo, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, ameshika chupa ya maji mapajani kwa mikono miwili. Dada wa mapokezi alikuwa anamsomea kutoka kwenye skrini yake, na kwa sauti aliyoitumia nilijua hii si mara ya kwanza.

"Bwana Ndahani, nimeshakwambia. Maji ya Mkalala ni safi. Mstari umenyooka. Njoo uone mwenyewe."

"Mwanangu hanywi mstari," alisema yule baba. "Anakunywa haya. Yuko zahanati, anatapika tangu Ijumaa, na midomo inamfa ganzi. Wenzake wa darasani wako naye. Onja."

"Mimi siruhusiwi kuonja, baba yangu."

Akanigeukia mimi. "Dada, na wewe unafanya humo ndani?"

"Napanga vitufe tu, baba."

"Basi nipangie kimoja cha kunisikiliza."

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha kujitoa, nikapita. Mkalala ni kata ya Yustina. Nilipita huku nimeshika kikombe kwa nguvu hadi chai ikanimwagikia kidoleni.

Ukumbini watu walikuwa wamechangamka. Bosi wetu, Bwana Lwidiko, mtu wa miwani anayoifuta kwa tai yake kila baada ya sentensi mbili, alikuwa ameshakata utepe wa boksi la vitumbua. Nikaanza meza ya kwanza. Nikanyoa, wakapiga makofi. Meza ya pili, makofi. Kuna kaka mmoja wa Kata ya Stendi alibakiwa na vitufe viwili tu, Chapa na Hifadhi, akasimama juu ya kiti akapungia watu mkono. Nilicheka na wengine, sikatai. Lakini kila nikiinua kichwa namwona Yustina kule mbele amekaa wima, mikono chini ya mapaja, ananihesabia meza.

Niseme na habari zake, msije mkamhukumu haraka kama nilivyomhukumu mimi. Wakati wa mvua zilizopita alibonyeza Ghafi, akaona kipimo kimepanda ghafla, akafunga bomba la Mkalala bila kusita, kama alivyofundishwa. Kumbe mjusi alikuwa amelala juu ya kipimio. Kata nzima ikakaa bila maji mpaka mafundi walipomaliza kupima, na kwa sheria jina la aliyefunga linatangazwa kwenye vipaza sauti vya mtaa. Wanawake sokoni walikuwa wanavuta vikapu vyao akipita. Mkuu wa shule ya Jumapili akamwambia apumzike kidogo kufundisha watoto. Yustina aliyekuwa anaimba akifua, akanyamaza. Tangu siku hiyo Ghafi kwake ni nyoka; kilishanyolewa, na makao makuu wamekirudisha Jumatatu iliyopita tu.

3

Nilipofika mezani kwake hakusimama. Alisogeza kiti kidogo tu, nikainama juu ya bega lake, nikafungua dirisha la kupangia.

Hilo dirisha ni langu peke yangu. Ukilifungua, upau wa mtu unalegea, vitufe vinacheza kama meno ya mtoto, unaweza kukiburuta hiki huku na kile kule, na pembeni unaona kila kimoja kimetumika mara ngapi. Upau wa Yustina ulikuwa na Piga Pasi mwanzoni kabisa, kikubwa, rangi ya maziwa, nilimpangia mwenyewe. Kisha Linganisha, Chapa, na Funga, kinachokuja na kunyolewa pamoja na Ghafi. Mwishoni kabisa, kidogo, kijivu, Ghafi. Pembeni yake sifuri.

"Haya, kinyoe," akasema bila kunitazama.

Nikakishika kwa kishale. Na hapa ndipo kiherehere changu kinapoingia. Bi Adelina aliyenifundisha kazi hii, Mungu amrehemu, alikuwa hakati kitufe kabla ya kukibonyeza mara moja. Aliita kukiaga. Si ushirikina, ni akili ya kazi: unahakikisha ni kizima, na kwamba hakuna kitufe kingine kinachokitegemea. Wapanga-pau wa siku hizi hawaagi, wanakata tu. Mimi siwezi. Mkono wangu unakataa. Na ukibonyeza ukiwa ndani ya dirisha la kupangia, inahesabiwa ni jaribio, haiandikwi kwa mtu yeyote.

Nikabonyeza.

Piga Pasi, kwa asiyejua, hufanya hivi: inachukua vipimo vyote vya siku nzima, inavichanganya, inakupa wastani. Ndiyo maana mstari unanyooka. Ghafi haichanganyi. Inakuonyesha kila kipimo kama kilivyotoka bombani. Na mbele ya macho yangu mstari wa Mkalala, ule mstari uliokuwa unasomwa pale mapokezi, ulikatika vipande ukawa misumari. Kila alfajiri pampu zinapowashwa, msumari mmoja unapanda hadi juu ya skrini, unakaa kidogo, unashuka. Halafu siku nzima safi. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Na leo.

Nikaweka kishale juu ya ncha ya msumari. Chekeche ikaandika jina la kitu: dawa ya kusafishia mabomba. Ile inayomwagwa bomba likiwa tupu, na watu wameonywa wasichote.

Alfajiri nani anachota maji? Mwenye kupika uji wa shule. Mwenye kupanga ndoo mapema kabla ya foleni. Mwenye mtoto mchanga. Anayeamka saa nne hadhuriki, maji yake safi kabisa, na wastani wa siku unavimba kidogo tu.

Nikafunga Ghafi haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mtu.

"Yustina."

"Kinyoe, Nyemo."

"Umeona nilichokiona?"

"Mimi nilikuwa naangalia ukuta."

Na kweli alikuwa anaangalia ukuta. Shingo yote imegeukia upande, mishipa imemtoka.

4

Nikaenda kwa bosi. Sikukimbia, maana ukikimbia ukumbini watu wote wanasimama. Nilitembea na tabasamu limenikauka usoni, nikamvuta Bwana Lwidiko nyuma ya kabati la mafaili, kitumbua bado kiko mdomoni mwake. Nikamweleza yote kwa pumzi moja.

Alitafuna pole pole. Akameza. Akavua miwani.

"Umeona kwa upau wa nani?"

"Kwa dirisha la kupangia, bosi."

"Basi hujaona."

"Nimeona kwa macho yangu haya!"

"Nyemo, punguza sauti. Sikatai kwamba una macho. Nasema kisheria hujaona. Wewe huna upau. Aliyekuwa na kitufe ni mmoja tu, na hakukibonyeza." Akaifuta miwani. "Ukipiga kelele sasa, tutafunga bomba, sawa. Na watauliza nani alikuwa na Ghafi tangu Alhamisi. Jibu unalo. Yule ni wifi yako, ana mtoto ananyonya, yuko kule chini chumba cha watoto. Utampeleka mahabusu na maziwa yanamdondoka?"

"Na wa Mkalala je? Kuna baba yuko hapo mapokezi..."

"Namjua. Kaja jana pia." Hapo sauti yake ilipungua, na nikaona kwamba na yeye hajalala vizuri. "Sikiliza. Nyoa. Wiki ifungwe. Kesho nitaandika makao makuu kwamba tunaomba Mkalala ipimwe, ukaguzi wa kawaida, bila jina la mtu. Wakituma mafundi wiki ijayo, wataona wenyewe. Hakuna atakayeumia."

"Wiki ijayo! Kesho alfajiri watachota tena!"

"Nyemo."

"Kesho kutwa watachota tena!"

"Unataka nifanye nini? Mimi upau wangu ulishanyolewa zamani. Nina Chapa na Salimia." Akavaa miwani. "Saa sita ikigonga itajinyoa yenyewe. Hata usiposhika kitu, mambo yatakwisha. Nenda ukanywe maji."

Maji! Haki ya nani, alisema hivyo hivyo, na wala hakusikia alichosema.

Nilisimama nyuma ya lile kabati peke yangu. Hofu ilikuwepo, ndiyo, lakini kilichonichoma zaidi ni lile neno lake. Hujaona. Miaka yote hii nimekaa nyuma ya mabega ya watu nikiwapangia macho yao, na leo naambiwa mwenyewe sina. Niliwaza kwenda pale mapokezi nimwambie yule baba, "Usinywe, na waambie wenzio." Atawaambia wangapi? Na atakapoulizwa kaambiwa na nani, atasema dada mmoja wa vitufe. Mapokezi watamwonyesha mstari ulionyooka. Atarudi benchi.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita. Ghafi kikishakwenda ghala, kukirudisha ni maombi, na maombi yanachukua wiki, na ndani ya wiki hiyo kata nzima haina jicho hata moja.

5

Nilirudi kwa Yustina, nikavuta kiti, nikakaa kabisa. Watu walikuwa wamehamia kwenye boksi la vitumbua, kelele zao zilitufunika.

"Ulijua," nikamwambia.

Midomo ikaanza kumcheza. "Alhamisi mstari ulivimba kidogo. Hata kwa Piga Pasi ulivimba. Nikajiambia mjusi. Ijumaa ukavimba tena. Nikasema, nikibonyeza na ikawa kweli ni mjusi, nitapita wapi mimi? Nitaishi wapi? Jumamosi nikawa naogopa sio mjusi tena. Naogopa mbona sikubonyeza Alhamisi."

"Watoto wanatapika, wifi! Midomo inawafa ganzi!"

"Na wangu ananyonya!" Alisema kwa nguvu hadi akajiziba mdomo. "Wangu ana miezi mingapi, Nyemo, wewe si ulikuwepo? Ulimshika wewe wa kwanza. Nani atamnyonyesha, kaka yangu? Kinyoe. Nakupigia magoti. Kinyoe, kesho nitafanya lolote utakalo."

"Kesho huna kitufe."

"Ndiyo nitakalo hilo."

Nilitamani kumzaba kibao. Nilitamani pia kumkumbatia, na vyote viwili kwa mkono ule ule. Nikamwambia abonyeze mwenyewe, sasa hivi, Ghafi halafu Funga, mimi nitasimama naye mbele ya yeyote. Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena. Akatikisa kichwa, machozi yanaingia mdomoni. Mtu aliyeogopa kiasi kile hata ukimbeba, miguu inabaki chini.

Nikatazama dirisha la kupangia lililokuwa bado wazi mbele yetu. Vitufe vimelegea. Na juu yake, pale ambapo mtu hapaangalii kwa sababu hapabadiliki, jina la mwenye upau: Yustina Chitema.

Pale panabadilika. Mchambuzi akihamishwa, au akienda likizo, upau wake unarithishwa. Mimi ndiye ninayerithisha, nimefanya mara nyingi, na kila mara namsomea mrithi maneno yale yale ili asije akalalamika: unapokea upau huu pamoja na yote yaliyotokea ndani yake wiki hii. Watu huwa wanasubiri Jumatatu jioni, wiki ikishanyolewa, ndipo warithi. Hakuna mwenye akili timamu anayerithi upau asubuhi ya kunyoa.

Nilimwaza Yoeli. Nilimwaza binti yetu aliye chuo, na nani atampigia simu. Nikaona nikiendelea kuwaza nitakuwa kama Yustina, nitaanza kuogopa mbona sikufanya dakika tano zilizopita.

Nikalifuta jina lake. Nikaandika Nyemo Mazengwa, jina langu la kwetu, lile la kwenye mkataba. Chekeche ikatoa maneno yake, ikaomba kidole cha mrithi. Nikaweka. Ikakaa, ikanusa damu, ikakubali. Kisha ikaandika: mrithishaji aweke kidole.

"Wifi," nikasema, "nipe kidole."

Alisoma skrini. Alisoma yote, niliona macho yakishuka mstari kwa mstari hadi chini. Nikawa nimeshaandaa maneno ya kumtuliza. Nilijua atakataa, atasema hapana, Nyemo, hili ni langu. Nami nitamwambia mtoto wako kwanza. Tutavutana kidogo, atalia, halafu atakubali. Nilikuwa nimejiandaa kwa mvutano huo kabisa.

Yustina alinitazama mara moja, akaweka kidole.

Upesi mno. Hata sikumaliza kuvuta pumzi.

Iliniuma, sitaficha. Ilinichoma kuliko jela yenyewe. Nilikaa pale nimetumbua macho, yeye ameshainuka kwenye kiti chake, ameshika mkoba, amenipisha. Upau ulikuwa wangu. Ulionekana mdogo sana.

Nikafunga dirisha la kupangia, vitufe vikakaza. Nikabonyeza Ghafi, safari hii kweli. Misumari ikasimama. Pembeni sifuri ikawa moja, na jina langu mbele yake. Kisha nikaweka kidole juu ya Funga, na Chekeche ikauliza kama ninajua nifanyalo, nami nikasema ndiyo kwa sauti kubwa, kana kwamba ina masikio.

King'ora kilipolia kila mtu aligeuka. Kwenye ramani ya ukutani Mkalala ikawa nyekundu. Watu walisimama na vitumbua mikononi, hakuna aliyetafuna. Kwa mbali, kupitia dirishani, tulisikia vipaza sauti vya mtaa vikianza: maji ya Mkalala yamefungwa, msichote, msinywe mlichochota tangu Alhamisi, mwageni. Aliyefunga ni Nyemo Mazengwa. Vikarudia. Sikujua jina langu ni refu namna ile.

Bwana Lwidiko alifika akihema. Alitazama skrini, akatazama jina, akavua miwani na hakuifuta.

"Umefanya nini, mama wewe? Umerithi? Leo? Saa hii?"

"Nimeona, bosi," nikasema. "Sasa nimeona."

Halafu akamgeukia Yustina aliyekuwa amesimama nyuma yangu na mkoba wake kifuani. Hakumkaripia. Alimuuliza kama unavyomuuliza mtoto wa jirani.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Ukumbi wote ulikuwa unasikiliza. Nilisikia pumzi ya Yustina ikiingia na kutoka shingoni kwangu. Nikajiambia, sasa atasema. Sasa hivi.

"Mimi sikuwa na kitufe hicho, bosi," akasema. "Hata upau sina."

Na ilikuwa kweli. Bosi aliinama akahakikisha kwenye skrini, akatikisa kichwa kukubali, maana Chekeche haidanganyi: tangu Alhamisi, mwenye Ghafi wa Mkalala alikuwa mimi. Akaenda kupiga simu kwa askari wa maji. Aliongea kwa upole na mgongo ametugeuzia.

Wenzetu walirudi nyuma kidogo kidogo, kila mmoja kuelekea meza yake, na nikawaona wanavyozitazama pau zao fupi. Yule kaka wa Kata ya Stendi alikaa chini, akaweka mikono juu ya meza mbali na vile vitufe vyake viwili.

Nilitaka kumchukia Yustina. Nilijaribu kwa bidii. Lakini kelele za vipaza sauti zilikuwa bado zinaingia dirishani, mwageni, mwageni, na kila zikirudia nilijua kuna sufuria inamwagwa mahali, na chuki haikupata nafasi ya kukaa. Nilikuwa naogopa tu. Mkojo umenibana.

Alikuja akachuchumaa pembeni ya kiti changu. Uso wote umevimba kwa machozi. Hakuomba samahani, nadhani aliogopa nisije nikaikubali.

"Wifi," akanong'ona. "Kaka nimwambie nini?"

"Mwambie nimefunga maji," nikasema. "Na wasinisubiri kula."